Kabla Boti Haijaanza Kwenda Mrama

Abiria anayetapika katikati ya safari ya Dar es Salaam kwenda Unguja mara nyingi alianza kushindwa tangu usiku wa jana. Alikula chipsi mayai saa nne, akalala saa nane, akaamka na tumbo tupu, akakimbilia bandarini, akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona wazi, kisha akainamia simu. Kidonge alikuwa nacho mkobani. Alikimeza pale mate yalipoanza kujaa mdomoni, dakika kumi baadaye akakirudisha pamoja na maji yake.

Ninachotaka kusema hapa ni hicho hasa: ulevi wa bahari huzuiwa nchi kavu. Ukishaanza, unaweza kuupunguza, unaweza kuuvumilia, lakini kuuondoa kabisa wakati boti ingali inapanda na kushuka ni kazi ngumu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushauri huu inahusu saa kumi na mbili za kabla ya kupanda, na sehemu ndogo tu inahusu zile mbili za majini.

Kwanza tuiondoe aibu, maana ndiyo inayowafanya watu wazima wasinunue dawa. Wako wanaoamini kwamba mtoto wa pwani halewi bahari, na kwamba anayelewa ni mtu wa bara au mtu mwoga. Si kweli. Horatio Nelson, amiri wa Uingereza aliyefia kwenye ushindi wa Trafalgar mwaka 1805, alikuwa akilewa bahari hadi ukubwani, tena baada ya kuanza kazi ya ubaharia akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Charles Darwin alizunguka dunia kwa meli ya Beagle kati ya 1831 na 1836, na katika miaka yote hiyo mitano tumbo lake halikuizoea bahari. Mvuvi wa Kizimkazi halewi kwa sababu yumo baharini karibu kila siku. Mpeleke bara miaka kadhaa, halafu mrudishe katikati ya upepo wa kusi, uone.

Mwili unafanya nini hasa? Ndani kabisa ya sikio kuna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, na karibu yake kuna vijiwe vidogo vya chokaa. Vyombo hivi ndivyo vinavyouambia ubongo kwamba umegeuka, umeinama, umepanda au umeshuka. Sasa keti ndani ya boti iliyofungwa madirisha. Macho yanaona viti, ukuta na runinga, na vyote vimetulia kwa sababu vinakwenda pamoja nawe. Sikio linasema unapanda na kushuka. Ubongo unapokea habari mbili zisizopatana, na kwa wengi wetu mvutano huo huishia tumboni. Haya ndiyo maelezo yanayokubaliwa zaidi na wataalamu. Hata wale ambao sehemu hiyo ya sikio imeharibika kabisa pande zote mbili wanayathibitisha, kwa sababu wao hawalewi bahari hata ichafuke vipi.

Mwendo unaotapisha zaidi ni ule wa polepole, wa kupanda na kushuka mara moja katika kila sekunde tano hivi. Ndiyo maana bodaboda kwenye barabara ya mashimo inakuumiza mgongo lakini haikutapishi, ilhali wimbi refu la bahari kuu, ambalo kwa macho halitishi hata kidogo, linaweza kuwalaza watu safu nzima.

Watoto wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili ndio wanaolewa zaidi. Wachanga wa chini ya miaka miwili hulewa mara chache sana. Wanawake hulewa kuliko wanaume, hasa wakiwa wajawazito au siku za hedhi, na mwenye kipandauso ajihesabu kwenye kundi hili hata kama ni mwanamume mwenye misuli.

Kuchagua siku na saa

Bahari yetu ina ratiba yake, na wazee waliokwenda kwa jahazi waliijua vizuri kuliko sisi tunaokata tiketi kwa simu. Upepo wa kusi huvuma takriban kuanzia Mei hadi Septemba, na Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi yake mikali. Upepo wa kaskazi hushika Desemba hadi Machi, nao kwa kawaida ni mpole zaidi, ingawa Januari huwa na siku zake mbaya. Katikati ya pepo hizo mbili kuna vipindi vya tanga mbili, karibu na Machi na Aprili na tena Oktoba na Novemba, upepo ukiwa unabadilika na mara nyingi ni hafifu. Anayejijua kuwa tumbo lake ni dhaifu, na ambaye harusi ya Unguja haijamfunga kwa tarehe, afadhali aende kipindi hicho, ila akumbuke kwamba Aprili ina mvua za masika.

Njia nayo ina tabia yake. Kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja chombo kinaelekea karibu kaskazini moja kwa moja. Wakati wa kusi, nusu ya kwanza ya safari iko wazi kabisa kwa mawimbi yanayotoka bahari kuu. Ukishakipita Kizimkazi, kisiwa chenyewe kinaanza kukukinga na bahari inatulia kidogo kidogo. Kwa hiyo anayekwenda Unguja mwezi wa Julai ajue kwamba ubaya uko mwanzoni, mara tu baada ya kutoka mdomoni mwa bandari, na akivumilia hapo mbele kuna nafuu. Anayerudi Dar hukutana na kinyume chake: anaanza vizuri, anajisifu, kisha boti inatoka kwenye kivuli cha kisiwa na kuanza kuyapiga mawimbi kwa omo, yaani sehemu yake ya mbele.

Pemba ni habari nyingine. Ukishaiacha Nungwi, upande wa mashariki hakuna kitu cha kukukinga mpaka ukaribie Mkoani. Hapo kati ya visiwa viwili mawimbi ya bahari kuu yanaingia yanavyotaka, na mtu aliyevuka Unguja mara nyingi bila shida anaweza kulewa hapo kwa mara ya kwanza maishani. Kwa Pemba, mwenye historia yoyote ya kichefuchefu asibahatishe: ameze dawa hata kama bandari ya Malindi, hapo Unguja mjini, imelala kama ziwa.

Na kwa kuwa nimetaja ziwa, wasafiri wa maji baridi wasidhani hawahusiki. Ziwa Tanganyika huchafuka kweli miezi ya kiangazi upepo wa kusini unapovuma, na Ziwa Victoria lina dhoruba zake za usiku. Meli ya usiku kati ya Mwanza na Bukoba ina faida moja, nayo ni kwamba unaweza kulala kitandani, na kulala chali ni nusu ya tiba.

Boti ya asubuhi kwa kawaida ni tulivu kuliko ya alasiri, kwa sababu upepo wa pwani huongezeka kadiri jua linavyopanda. Ile ya saa moja asubuhi inakatisha usingizi, lakini tumbo litakushukuru. Jana yake sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Ukisikia wametaja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, hiyo si lugha ya kupamba taarifa. Kama safari inaweza kungoja, ingoje.

Tumbo

Kuna makundi mawili yanayokosea, na kila moja linalicheka jingine. Kundi la kwanza hushiba sana kwa kuogopa njaa ya njiani. Kundi la pili halili kabisa, kwa hesabu kwamba lisiloingia halitatoka. Tumbo tupu linatapika vilevile, na linatapika kwa uchungu zaidi kwa sababu kinachotoka ni nyongo.

Usiku wa kabla ya safari kula chakula chepesi, mapema, bila mafuta mengi. Urojo na kachori za Forodhani utavikuta ukifika. Pombe iache kabisa tangu jana yake: mbali na kulichafua tumbo, inavuruga majimaji yaleyale ya sikio niliyoyataja na inakausha mwili. Asubuhi, saa moja au mbili kabla ya kupanda, kula kidogo kitu kikavu: kipande cha mkate bila siagi, biskuti zisizo na krimu, ndizi moja, au bakuli dogo la uji mwepesi. Kama kahawa hukuchafua tumbo hata nchi kavu, hapa usiiguse.

Tangawizi ina sifa kubwa kwetu, na sifa hiyo ina msingi kiasi. Tafiti zilizofanyika hazikubaliani. Nyingine zimeona inapunguza kichefuchefu, nyingine hazikuona tofauti. Lakini haina madhara kwa watu wengi na haileti usingizi, kwa hiyo chai ya rangi yenye tangawizi ya kutosha asubuhi, pamoja na kipande kibichi cha kutafuna njiani, ni mpango mzuri kwa mwenye ulevi mdogo. Kwa yule anayetapika kila safari, tangawizi peke yake ni kujidanganya. Limau la kunusa na karafuu ya kutafuna naviweka kwenye kapu hilohilo: vinasaidia kufukuza harufu ya mafuta ya dizeli, na hilo si jambo dogo, lakini haviwezi kulinyamazisha sikio. Bangili za kubana mkono, zile zenye kidonge cha plastiki kinachokandamiza upande wa ndani wa kifundo, ushahidi wake ni dhaifu. Ukiwa nayo ivae. Ukiwa huna, usiitafute.

Dawa, na saa ya kuimeza

Hapa ndipo pesa hupotea bure kwa sababu ya muda. Tumbo likishaanza kichefuchefu hupunguza kasi ya kazi yake, na dawa uliyomeza inabaki hapohapo bila kuingia kwenye damu, ikingoja kutapikwa. Kidonge kinatakiwa kiwe kimeshafika kwenye damu kabla ya wimbi la kwanza.

Inayopatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki ni promethazine, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Phenergan. Mtu mzima humeza miligramu 25 usiku wa kabla ya safari ya asubuhi, au angalau saa moja kabla ya kuondoka. Inafanya kazi vizuri. Gharama yake ni usingizi mzito, na mdomo kukauka. Kwa safari ambayo hutakuwa na kazi ya kufanya majini, usingizi huo ni zawadi. Kwa mama anayesafiri peke yake na watoto watatu, si zawadi hata kidogo, na huyo ningemwelekeza kwenye cinnarizine, inayouzwa pia kwa jina la Stugeron. Hiyo huleta usingizi kidogo kuliko promethazine. Mtu mzima humeza miligramu 25 hadi 30 saa mbili kabla ya safari, kisha hufuata maelekezo ya pakiti kama safari ni ndefu. Mwenye ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson asiitumie. Wengine watakuta dimenhydrinate au meclizine, ambazo ni za ukoo huohuo.

Ndugu walioko Ulaya na Marekani, na baadhi ya walioko Ghuba, watakutajia plasta ya hyoscine inayobandikwa nyuma ya sikio. Ni dawa nzuri kwa safari ya siku nyingi kwa sababu plasta moja inafanya kazi siku tatu, mradi ibandikwe angalau saa nne kabla ya safari. Lakini si ya watoto, si ya mwenye presha ya macho, wala ya mzee anayepata shida ya kukojoa kwa sababu ya tezi dume. Wazee wakiitumia huweza pia kuchanganyikiwa. Ukishaishika, nawa mikono kabla ya kugusa jicho. Ikiingia humo mboni inapanuka na unaona ukungu.

Kisha kuna dawa ambazo watu hupewa na hazisaidii. Metoclopramide, maarufu kama Plasil, ni dawa ya kutapika kwa sababu nyingine. Kwa ulevi wa bahari haina maana. Ondansetron, ambayo hospitali huitumia kwa wagonjwa wa saratani na waliotoka upasuaji, nayo haizuii ulevi huu. Cetirizine na loratadine, dawa za mzio zisizoleta usingizi, haziufikii ubongo kiasi cha kutosha. Muuzaji akikupa mojawapo ya hizi, mwambie waziwazi kwamba unapanda boti, wala hujala chakula kibovu.

Mambo matatu ya kushika kabla ya kumeza chochote. Usichanganye dawa hizi na pombe. Ijaribu siku moja nyumbani kabla ya safari yenyewe, ujue inakulaza kiasi gani. Na mjamzito, anayenyonyesha, au mwenye ugonjwa wa kudumu anayekula dawa nyingine aende akamwone mfamasia au kliniki yake, asichukue ushauri wa jirani, wala wa makala.

Watoto wa chini ya miaka miwili hawapewi promethazine kabisa, kwa kuwa inaweza kuwazuia kupumua. Kwa walio juu ya hapo, kipimo hutegemea umri na uzito, na duka la dawa lenye mfamasia ndilo la kukisema. Kuvunja kidonge cha mtu mzima kwa kukisia ni hatari.

Ramadhani huleta swali lake. Wanazuoni wetu wanafundisha kwamba kutapika bila kukusudia hakuvunji saumu, ila kujitapisha makusudi kunaivunja. Kumeza kidonge mchana kunaivunja pia, kwa hiyo kimeze wakati wa daku. Kwa boti ya asubuhi bado kitakuwa kinafanya kazi. Ruhusa ya msafiri kufungua ina masharti yake, kayaulize kwa shehe wako kabla ya kukata tiketi. Na kwa kuwa matapishi ni najisi, beba kanga au kanzu ya akiba ili sala ya ukifika isikupite.

Kiti

Fika mapema. Kama kiti hujapangiwa, aliyefika mapema ndiye anayechagua, na kuchagua kiti ni dawa isiyouzwa. Chombo kikienda mrama ni kama ubao wa bembea wa watoto: wa mwishoni wanarushwa juu, wa katikati anatikisika kidogo tu. Kaa katikati ya urefu wa boti, chini, ukitazama mbele. Omo ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Tezi, yaani nyuma, lina nafuu kidogo lakini lina moshi na mtetemo wa injini. Ghorofa za juu huyumba kushinda za chini, hivyo daraja la gharama likiwa juu mbele, umelipa zaidi ili utapike kwenye kiti laini.

Kuna ubishi mmoja wa haki kati ya kukaa ndani chini na kukaa nje. Ndani chini mwendo ni mdogo, lakini joto, harufu za vyakula na matapishi ya wengine vinakusonga. Nje unapata hewa na unaona upeo wa macho. Mimi naipendelea nje, penye kivuli, katikati, kila mahali panaporuhusiwa, kwa sababu kuona mstari wa bahari na mbingu kunapatanisha jicho na sikio. Kama nje hakuruhusiwi kwa sababu ya mawimbi, tafuta dirisha.

Usikae karibu na choo, na usikae karibu na anayekula samaki wa kukaanga. Ukiona aliye kando yako ameanza, geuza uso na ikiwezekana hama. Si ukatili; kuona, kusikia na kunusa kutapika kunaambukiza.

Mkishaondoka

Simu iweke mfukoni. Kusoma ujumbe, kutazama video, hata kuangalia picha ulizopiga bandarini, ni kuyafungia macho kwenye kitu kilichotulia wakati mwili unarushwa. Kitabu ni hivyohivyo. Msahafu kwa anayeusoma kwa kuangalia ungoje pia, soma ulichohifadhi. Muziki wa kusikiliza tu, bila kuangalia kioo, unaruhusiwa na unasaidia kuondoa mawazo tumboni.

Kichwa kiegemeze kwenye kiti kisicheze. Pumua taratibu kwa tumbo, pumzi ndefu, ukihesabu kama unataka. Tafiti zimeonyesha kwamba kupumua kwa utaratibu kunachelewesha kichefuchefu, na ni bure. Usitembeetembee. Watoto waonyeshe mashua, visiwa, ndege wa baharini, waimbe; wakae mahali wanapoona nje, si kwenye sakafu na vikaragosi vya simu.

Dalili za mwanzo si kichefuchefu. Ni miayo isiyoisha, mate mengi, jasho la baridi kwenye paji la uso, uso kupauka, na mtu aliyekuwa mchangamfu kunyamaza ghafla. Mama mwenye uzoefu humtambua mwanawe hapo. Ndipo pa kuchukua hatua: toka nje au geukia dirishani, kaza macho kwenye nchi kavu ya mbali, legeza vifungo vya shingoni, jipepee. Kama hupati upeo wa macho, fumba macho kabisa. Macho yaliyofumbwa hayabishani na sikio. Ukipata nafasi ya kulala chali, lala. Ukiweza kupitiwa na usingizi, umevuka.

Ikishindikana, tapika. Kulizuia tumbo kwa nguvu kunarefusha mateso. Wahudumu wa boti nyingi hupita na mifuko. Chukua wako mapema, hata kama unaona hutauhitaji, na uweke mkononi badala ya mfukoni. Anayetapikia ukingoni ahakikishe yuko upande wa demani, kule upepo unakokwenda, ameushika ukingo kwa nguvu na kuna mtu anamwona. Kutapikia joshini, kule upepo unakotoka, ni kuwarudishia wote walio nyuma yako. Na bahari ikiwa imechafuka sana, usiende ukingoni hata kidogo. Mfuko unatosha.

Baada ya kutapika, sukutua, ungoje dakika kumi hivi, kisha nywa maji kidogo kidogo, mafundo mawili matatu kila baada ya muda. Kugugumia chupa nzima kutakurudisha ulikotoka. Ukiwa umetapika mara nyingi, pakiti moja ya chumvichumvi za ORS katika lita moja ya maji safi ndiyo inayofaa zaidi, na ukishashuka dafu linakubalika. Aliyelegea kabisa mlaze ubavu, si chali, ili akitapika tena asipaliwe. Usimpe kidonge cha kumeza sasa. Muda wake umepita.

Safari za siku nyingi

Meli kubwa za watalii, zile zinazotia nanga Mombasa na Unguja au zinazoondoka Dubai majira ya baridi, zina mabawa chini ya maji yanayopunguza mrama, na wengi wa abiria wake hawalewi. Ukikata tiketi ya meli kama hiyo, chagua chumba cha katikati, ghorofa za chini, chenye dirisha. Humo ndani kuna daktari, na anaweza kumchoma sindano asiyeweza kushikilia kidonge. Jambo jema ni kwamba mwili huzoea: kwa watu wengi siku ya pili au ya tatu ubongo unakubali hali mpya na kichefuchefu kinaondoka chenyewe. Vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi melini wajue hivyo, wasikate tamaa siku ya kwanza wakaomba kurudishwa. Wafanye kazi za nje kadiri msimamizi anavyoruhusu, wale kidogo kidogo, na wasijifungie kitandani siku nzima, kwa sababu mwili hauzoei kile unachokikimbia.

Mazoea hayo yana deni. Ukishuka, ardhi nayo itayumba, hasa ukifumba macho bafuni. Kwa kawaida inaisha ndani ya saa chache au siku mbili. Ikiendelea wiki kadhaa, mwone daktari.

Mwone daktari mapema zaidi kama kutapika kunaendelea siku nzima baada ya kushuka, kama kuna damu, kama mkojo umekatika au umekuwa mweusi, kama mtu anachanganyikiwa, au kama kichwa kinauma kwa namna ambayo hajapata kuumwa. Mwenye kisukari aliyeshindwa kula asingoje. Na mwenye homa apime malaria: ni rahisi kuisingizia boti kila kinachofuata baada ya safari, wakati mwingine kumbe mtu alipanda akiwa tayari mgonjwa.

Jambo la mwisho linahusu barabara. Promethazine uliyomeza usiku inaweza kuwa bado imo mwilini ukishuka Malindi, na wewe utajiona uko macho. Mwachie mwingine funguo za gari au pikipiki siku hiyo.